Mzee Didace na Helmeti ya Mlinzi wa Miaka Mia Mbili

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, fundi rangi Didace Ntirampeba atatimiza miaka thelathini na tatu na miezi miwili ya kazi katika Karakana ya Kazimoja, Mpanda. Saa tisa alasiri atavua ovaroli yake ya bluu, ambayo kwa sasa ina rangi zote isipokuwa bluu, na atakuwa mstaafu.

Alifika makazi ya wakimbizi ya Katumba, kutoka Burundi, mwaka 1973 akiwa mtoto wa miaka minane, na mzigo aliopewa kubeba njiani ulikuwa sufuria ya mama yake. Upakaji rangi aliuanzia kwenye milango ya kanisa. Tulipomwajiri tarehe 1 Septemba 1992, msimamizi alimpa msasa na mlango wa lori ulioliwa na kutu, akaenda kunywa chai akiamini kijana atakata tamaa. Aliporudi, mlango ulikuwa umesuguliwa mpaka anaweza kujiona sura.

Toka siku hiyo kutu na mikwaruzo vikawa maadui zake. Husugua huku akiimba nyimbo za kanisani kwa Kirundi, na sisi tuliokaa naye tunajua kwamba akifika ubeti wa tatu, praima, ile rangi ya msingi, iko karibu. Mteja mmoja wa Usevya alikuja kuchukua pikapu yake, akaizunguka mara mbili, kisha akaenda ofisini kulalamika kwamba gari lake amepewa mtu mwingine.

Mwaka 2003 aliandika kwa brashi ukutani, juu ya meza ya kutokea iliyo karibu na geti: KITU HAKITOKI NA VUMBI. Maneno hayo yakawa sheria yetu. Chochote kinachowekwa kwenye meza ya kutokea lazima kifutwe, king'arishwe, na kama kina mkwaruzo uzibwe kabla mwenyewe hajafika. Mkaguzi wa meza hiyo, kwa miaka kumi na sita sasa, ni mimi ninayeandika wasifu huu. Nalitaja hilo kwa sababu linahusika na kazi yake ya mwisho kubwa, ambayo nusura niiharibu.

Mwanzoni mwa Septemba mwaka huu alikuja Mwalimu Emelyne, anayefundisha fizikia sekondari na kuongoza kikundi cha maigizo cha Kakese. Alileta helmeti ya pikipiki aliyoiongezea mashavu na kidevu cha plastiki ngumu, pamoja na ukurasa uliochakaa kutoka kitabu cha picha alichokipenda tangu utotoni. Katika picha hiyo alikuwapo mlinzi wa sayari ya mbali, aliyewekwa lindoni akasahaulika miaka mia mbili bila kupokewa zamu. Mwalimu alitaka helmeti iwe kama ya kwenye picha hiyo. Katika igizo, alieleza, mlinzi hataji umri wake hata mara moja. Helmeti ndiyo itakayousema. Akitokea na helmeti mpya, watu watadhani ameingia zamu jana, na igizo zima litakuwa limekufa. Onyesho lilikuwa Jumamosi, tarehe 13 Septemba.

Mzee Didace alikubali, akafanya alivyozoea. Baada ya siku mbili helmeti iling'aa kama gari la mkubwa. Mwalimu aliisifu, kisha akakaa kwenye kopo la rangi, akaufungua tena ukurasa wa picha. Basi mzee akachukua msasa akaikwaruza huku na huku, ikaonekana kama imetafunwa na mbwa. Hapo akaiweka chini, akatoka nje, akasimama mbele ya baiskeli yake kwa muda mrefu. Waliokuwapo walidhani anataka kwenda nyumbani.

Aliporudi alikuwa na maswali kwa mwalimu. Huyu mlinzi anatumia mkono gani? Akivua helmeti anaiweka upande upi? Huko anakokaa kuna upepo? Rangi, alitueleza baadaye, haitoki ovyo. Hutoka pale mkono unaposhika kila siku. Mkwaruzo usio na sababu ni uongo, na watu wanauona hata kama hawajui wanachokiona.

Akaanza upya. Alipuliza rangi ya fedha, iwe chuma cha ndani. Ilipokauka aliilowanisha kwa maji sehemu zile tu ambazo mlinzi angeshika au kugonga, akanyunyiza chumvi ya Uvinza, kisha juu yake akapuliza rangi ya kijani kibichi iliyofifia. Rangi ilipokauka aliisugua chumvi ikatoka, na kila punje iliacha kidonda kidogo kinachoonyesha fedha chini yake. Aliingiza rangi nyeusi ya mafuta kwenye mianya, akaifuta juu ikabaki ndani kama jasho la miaka mingi. Mwisho akagusagusa kwa sponji vumbi jekundu alilolichota mwenyewe barabara ya Mwese. Ilimchukua siku tatu. Alhamisi jioni aliiweka kwenye meza ya kutokea, kwa kuwa ndiyo sehemu kavu kuliko zote, ili Ijumaa aipulizie vanishi ya kushikilia vumbi hilo.

Ijumaa tarehe 12 nilifika saa moja na dakika kumi, nikakuta helmeti chafu kwenye meza yangu. Tangu mwanzo wa mwezi nilikuwa nimetumwa Inyonga, sikujua habari zake. Nikatekeleza sheria. Niliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mianya yote. Nikaona vidonda vya fedha, nikamwita fundi Heri, naye alikuwa ndiyo kwanza anarudi toka likizo. Alivijaza kwa rangi iliyobaki, kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu mkubwa. Saa mbili na nusu ilikuwa mpya kabisa. Nikaandika kitabuni: imekaguliwa, haina dosari.

Mzee aliingia na kikombe cha chai. Aliitazama helmeti, akanitazama mimi, akatazama maandishi yake mwenyewe ukutani. Nilipoelewa nilichofanya, nikakificha kitambaa mgongoni. Yeye akanywa chai funda moja.

"Mmefanya kazi safi nyie," alisema. "Mwalimu anakuja saa kumi. Leteni chumvi."

Hatukula mchana. Heri alipuliza, mimi nilinyunyiza, mzee alisimamia huku akizungusha helmeti juani ili ikauke. Hakuturuhusu kugusa mahali popote bila kueleza kwanza. Nilipotaka kukwaruza utosini aliuliza mlinzi alijigonga wapi. Nikasema kwenye mlango, kila akitoka, kwa sababu ni mrefu kuliko waliomjengea. Akafikiri, akasema sawa, kwaruza. Heri akamtania kwamba hata polisi hawaulizi maswali kiasi hicho.

Vanishi ilikauka saa kumi kasorobo. Mwalimu Emelyne aliigeuza taratibu, akasimamisha kidole juu ya sikio la kushoto, palipokuwa na doa pana lililolika laini, ambalo halikuwepo kwenye picha. Akauliza ni la nini.

"Hapo ndipo anapoegemea ukuta," mzee alimjibu, "akisikiliza kama anayempokea anakuja."

Jumamosi tulikwenda wote kutazama. Mlinzi alipotokea jukwaani, kabla hajafungua mdomo, mama mmoja nyuma yetu alimwambia mwenzake, "Maskini, huyu hajapokewa zamu." Mzee Didace alitoa leso, akasema uwanja una vumbi.

Sheria ya ukutani ipo bado, ila chini yake ameongeza maneno mawili: ULIZA KWANZA.

Kazimoja tuna desturi kwamba anayestaafu hupakiwa rangi baiskeli yake iwe mpya. Ya Mzee Didace aliinunua mwaka 1994. Wiki iliyopita Heri alikwisha kuandaa msasa, kisha akaniita. Tuliitazama pamoja. Usukani umelika upande wa kulia, anakoning'iniza makopo. Bomba la katikati limebonyea tangu alipoteleza mteremko wa Mwese akipeleka rangi ya zahanati. Nyuma, rangi imeisha sehemu mbili ndogo, pale viatu vya binti yake Odeta viliposugua miaka yote ya shule ya msingi. Heri akarudisha msasa stoo.

Kwa hiyo, Mzee wetu, utaikuta baiskeli kwenye meza ya kutokea. Tumetia mnyororo mafuta, basi. Nimeikagua mwenyewe na kuandika: haijafutwa kitu.

Asante kwa kazi, kwa nyimbo, na kwa chai uliyokunywa kwanza asubuhi ile kabla ya kusema. Mungu akupe siku ndefu na bustani yenye kivuli huko Katumba. Kuanzia Jumatatu Heri atashika mashine yako ya kupulizia. Nenda nyumbani kwa amani, zamu yako imepokewa.

Zakayo, meza ya kutokea