Caroline Nyamvula Nguma, Aliyefichwa Mama Yake

Wasifu huu umeandikwa na bintiye marehemu, Lynnette Nafula Wafula, na unasomwa leo, tarehe 1 Machi 2025, kwenye makaburi ya Mtongwe, Likoni.

Mwalimu Caroline Nyamvula Nguma alizaliwa Mazeras tarehe 14 Machi 1960, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Nguma, dereva wa kreni bandarini, na mkewe Bi. Mweri. Alikuwa bado anabebwa mgongoni wazazi wake walipohamia Changamwe, wakapanga vyumba viwili katika nyumba ya Mzee Mwinyihaji, karibu na reli. Alibatizwa Caroline, lakini hakuna aliyemwita hivyo ila mapadri na makarani. Kwa watu wote alikuwa Nyamvula, kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilinyesha hadi baba yake akashindwa kufika nyumbani.

Wiki iliyopita wazee wa ukoo walikuja Magogoni, nyumbani kwa marehemu, wakakalishwa, wakapewa chai, kisha wakaomba wasifu uishie kwenye shule, kazi na ndoa. Mengine, walisema, ni ya nyumbani. Familia iliwasikiliza kwa adabu na ikakataa. Marehemu aliishi miaka mingi ndani ya "mengine" hayo. Ukiyaondoa, anayezikwa leo ni mtu mwingine.

Mwaka 1968 Bi. Mweri alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto huyo hakumaliza wiki. Baada ya msiba mama alinyamaza. Alikuwa akitoka kwenda sokoni, anasahau kilichompeleka, anarudishwa na majirani. Leo daktari yeyote angeuita ugonjwa huo kwa jina na kuutibu. Wakati huo ndugu za mumewe walisema amepandwa na pepo, wakamchukua asubuhi moja, Nyamvula akiwa shuleni. Aliporudi alimkuta shangazi yake, Dhahabu, dada wa baba yake, ameketi jikoni akichambua mchicha.

"Shangazi, mama yuko wapi?"

"Mama yako amekufa, mwanangu. Ameshazikwa kwao. Nenda kavue sare."

Hapakuwekwa matanga. Hapakuletwa jeneza. Hakuna aliyenyoa wala aliyefunga kanga nyeusi. Mtoto wa miaka minane aliona kwamba kuku wa Mzee Mwinyihaji alipogongwa na baiskeli watu walizungumza zaidi. Alipouliza tena alizabwa kofi, na akaambiwa mtoto mwenye adabu haulizi mambo ya wakubwa. Mwaka haukuisha, baba yake akaozwa mke mwingine.

Haki isemwe: Shangazi Dhahabu alimlea Nyamvula vizuri. Alimsuka, alimpeleka Jumapili kanisani, alimwombea nafasi ya sekondari kwa kusimama mlangoni pa mwalimu mkuu mpaka akakubaliwa. Nyamvula alisoma shule ya msingi papo hapo Changamwe, akamaliza sekondari mwaka 1978, na akahitimu chuo cha ualimu Shanzu mwaka 1981. Siku ya kuhitimu, shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Ndiyo maana yaliyojulikana baadaye yalimuumiza marehemu kuliko kama yangefanywa na mtu aliyemchukia.

Alifundisha Kiswahili katika shule za Kisauni kuanzia 1981 hadi alipostaafu 2020, Junda kwanza na Magogoni baadaye. Wanafunzi wake wanamkumbuka kwa mengi, na wengi hawatasahau siku ya insha ya Mwende. Mwende alikuwa msichana wa darasa la saba aliyegundua kwamba Mwalimu Nyamvula huzipa alama nyingi insha za huzuni. Akaandika jinsi mama yake alivyofariki na kumwachia wadogo zake. Mwalimu alilia, akampa ishirini na nane kwa thelathini, na kesho yake akabeba unga na sukari kuwapelekea mayatima. Mlango ulifunguliwa na mama mtu, mzima, ana mwiko mkononi. Mwalimu hakumchapa Mwende. Aliketi sebuleni na kumwamrisha amsomee mama yake insha nzima, kwa sauti. Mama alisikiliza kifo chake mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na mimi nilikosa hata wali kwenye matanga yangu?" Walicheka wote watatu, unga ukabaki pale pale.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na Bwana Clifford Wafula, mzaliwa wa Bungoma aliyekuja Mombasa kufanya kazi katika ofisi za reli. Walijaliwa watoto wawili, Lynnette na Jacktone. Bwana Clifford anasema alipomposa, Nyamvula alimpa sharti moja: "Utanisaidia kulitafuta kaburi la mama." Alidhani ni kazi ya siku moja.

Kila Krismasi Nyamvula aliuliza, na kila aliyeulizwa alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema Bi. Mweri alizikwa Kinango. Mwingine alisema makaburi yalipitiwa na barabara. Mwaka 1989 aliambiwa ni Taru, chini ya kilima, penye mawe matatu. Alimwacha Lynnette kwa jirani akaenda na mumewe, wakatembea juani kutwa, wakiwauliza wachungaji wa mbuzi na kukagua kila jiwe. Walirudi na miguu imechubuka. Safari hiyo Shangazi Dhahabu aliijua. Alidamka kumpikia chapati za njiani, akazifunga vizuri kwenye kitambaa, akamwombea dua ya safari. Alimfungia mtoto wa watu chakula cha kwendea kwenye kaburi ambalo alijua halipo.

Kwa kuwa hakupewa ukweli, Nyamvula aliutunga. Aliandika riwaya tatu: *Chumba cha Uani* mwaka 1994, *Hatukuambiwa* mwaka 2003, na *Mawe Matatu* mwaka 2008. Zote ni za familia zenye siri, na katika kila moja yuko binti anayetafuta mahali alipolazwa mama yake, na katika kila moja, kurasa za mwisho, anapaona, anapiga magoti, moyo wake unatulia. Wasomaji walimuuliza mbona hadithi zake huisha kwa faraja hivyo. Aliwajibu, "Hapo ndipo mimi mwenyewe sijafika." Mhakiki mmoja aliandika kwamba kisa hakiaminiki, maana ukoo mzima hauwezi kuficha jambo kubwa kiasi hicho. Mhakiki huyo hakuwahi kuukaribia ukoo huu. Nyumbani nako lawama zilikuwa nyingine. Ilipotoka riwaya ya pili aliitwa kikao Mazeras, akaambiwa aache kuanika nguo za ndani za ukoo. Waliomwambia hivyo walijua kila kitu. Siku hiyo hiyo mama yake alikuwa hai, ng'ambo ya feri.

Mwezi wa Oktoba 2011 Nyamvula alialikwa kusoma vitabu vyake katika ukumbi wa kanisa hapa Likoni. Watu walipokwisha kutawanyika, mama mmoja fundi cherehani, Bi. Rahima, alibaki amesimama kando ya viti. Leo yuko hapa nasi. Alimwamkia mwalimu, kisha akasema:

"Mwalimu, usinione nina wazimu. Kulikuwa na bibi jirani yangu kule Mtongwe, akiuza mahamri na mbaazi. Siku moja binti yangu alileta kitabu chako kutoka shuleni. Bibi akaniuliza jina la aliyeandika. Nikamsomea. Akaniambia nirudie. Kisha akasema, 'Huyo ni mwanangu.'"

"Anaitwa nani bibi huyo?"

"Bi. Mweri. Sisi tukadhani ni uzee, wallahi. Lakini nikawa namsomea, jioni baada ya kazi. Viwili vyote vya mwanzo. Pale binti alipoliona kaburi, alinirudisha nyuma nikamsomea tena. Nikamuuliza, bibi, si yahuzunisha haya? Akasema, 'La. Amenizika vizuri.'"

Nyamvula alichukua mkoba wake. Aliuliza swali moja tu: "Utanipeleka kwake sasa hivi?"

Bi. Rahima akaanza kulia. Bi. Mweri alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Majirani walichanga, Waislamu na Wakristo, wakamzika hapa, na katika wote waliomzika hapakuwa na hata mmoja wa damu yake. Bi. Rahima alikuwa amewahi kumwomba amruhusu aende Kisauni kumtafuta mwalimu, na bibi alimkatalia kila mara. "Anajua nimekufa," alikuwa akisema. "Nikimtokea sasa nitamtisha." Alikuwa ameridhika na kumwona mara moja, Desemba 1985, aliposikia habari za harusi akavuka feri, akasimama nje ya kanisa katikati ya watazamaji, akamtazama bibi harusi akitoka, akarudi zake.

Siku ya pili Nyamvula alikwenda Changamwe kwa Shangazi Dhahabu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama alikufa lini?"

"Hayo ni ya kale, Nyamvula. Keti kwanza."

"Sitaketi. Mama alikufa lini?"

Ndipo yakatoka. Bi. Mweri alipelekwa hospitali, akatibiwa, akapona. Alirudi Changamwe kwa miguu yake mwenyewe na kumkuta mke mwenzake ndani. Aliyemzuia mlangoni ni Shangazi Dhahabu. "Nilimwambia, mtoto ameshaambiwa umekufa. Amelia, amenyamaza. Wataka kumliza tena? Akageuka, akaenda."

"Na mimi nikaenda Taru kumtafuta."

"Tulikuwa twakulinda, mwanangu."

"Mnanilinda na nani? Na mamangu?"

Wanaume wa ukoo nao walikuwa wakikutana na Bi. Mweri kivukoni na kumpa mkono, kisha wakaenda kula Krismasi na bintiye bila kusema neno. Mtu mmoja kati yao angefungua kinywa, wakati wowote katika miaka ile yote, mama na mwana wangekunywa chai pamoja. Halikuhitajika jambo jingine.

Novemba 2011 Nyamvula alimwekea mama yake matanga, kwenye uwanja wa nyumba ya Bi. Rahima, kwa nyimbo, kwa wali, kwa kilio cha kusikika. Upande wa Mzee Nguma haukuonekana. Ukoo mzima ulishindwa kuvuka feri, na feri ile kwa anayetembea kwa miguu haina nauli. Wachapishaji walimshawishi aandike kisa hiki kiwe riwaya ya nne. Alikataa, akisema hiki si cha kutunga, na hakuandika hadithi tena. Alikuwa akija hapa kila mwezi, anapalilia, anaketi. Bwana Clifford alipomuuliza kama moyo umetulia kama wa mabinti wa vitabuni, alisema, "Hapana. Lakini sasa najua ninalia wapi."

Mwanzoni mwa 2023 alianza kulalamika tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho. Alipigana nayo kwa utulivu, akiendelea kuwasahihishia wauguzi Kiswahili chao. Januari mwaka huu Shangazi Dhahabu aliletwa Magogoni kwa kiti cha magurudumu. Aliomba msamaha akilia. Nyamvula alimshika mkono muda mrefu.

"Nimekusamehe, shangazi. Wewe ndiye uliyenisuka. Lakini sitakufichia. Siku yangu ikifika, yatasomwa."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu. Uongo ulisemwa jikoni, tukauishi sote. Acha kweli isemwe uwanjani."

Alifariki nyumbani kwake tarehe 19 Februari 2025, mumewe na watoto wake wakiwa kando ya kitanda chake. Hapo vikaanza vikao vingine. Jamaa wa Mazeras walitaka azikwe kwa baba yake. Jamaa wa Bungoma walikumbusha kwamba mke huzikwa kwa mumewe, na kwa mila hawakukosea. Bwana Clifford aliwaambia, "Mke wangu alilitafuta kaburi la mama yake tangu siku nilipomwoa. Mimi nani nimzike mbali nalo?" Watu wa Bungoma wakapanda basi wakaja kumzika hapa, na familia haitasahau wema huo.

Marehemu ameacha mume, Bwana Clifford Wafula; watoto, Lynnette na Jacktone; wakwe na wajukuu wanne; Bi. Rahima, ambaye familia inamhesabu kuwa dada yake; na Shangazi Dhahabu, aliyeketi mstari wa mbele kwa kuwa Nyamvula mwenyewe aliagiza apewe nafasi hiyo na asinyanyaswe na mtu.

Alitanguliwa na baba yake, Mzee Nguma, aliyefariki mwaka 1991, na mama yake, Bi. Mweri, aliyefariki hapa Mtongwe tarehe 6 Agosti 2009. Programu ya mazishi ya Mzee Nguma iliandika kwamba mkewe wa kwanza alifariki mwaka 1968. Familia inasahihisha.

Mungu awalaze pamoja, mama na mwanawe, na awape amani ambayo sisi wenyewe tuliwanyima.