Maji ya Watu Niliyoyanywesha Mchanga

Tumsifu Yesu Kristu! Asanteni. Wa mabenchi ya nyuma mmeitikia huku mnacheka, na mimi hata sijaanza. Haya. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana wenzangu, nyie nawajua, tulieni.

Nimeambiwa nitoe ushuhuda na nisimtaje mtu jina. Sitamtaja. Nitasema tu "katekista", na kwa kuwa hapa tuna katekista mmoja, mkigeuka kumwangalia hilo ni juu yenu. Nitasema pia "bibi", ambaye amekaa benchi la tatu na kajifunga khanga ya kijani. Bibi, sijakutaja.

Wengi mnajua mimi si mtu wa hapa Nyabusozi. Nimezaliwa Mabawe, kule Ngara, nikaja kwa mjomba kusoma. Kwetu ni milima na migomba. Ukishuka bondeni unakuta kijito, unainama, unakunywa, unapanda mlima mwingine. Ndugu zangu, nawaambia, mpaka kiangazi hiki mimi kiu nilikuwa naisoma kwenye Biblia tu, ile ya wana wa Israeli jangwani, na nilikuwa nawaona wanalalamika sana.

Basi tukatoka vijana kumi na mmoja, katekista na bibi, hija ya miguu ya siku mbili kwenda kigango cha upande wa Bisibo. Bibi alikuwa na nadhiri kwa ajili ya mjukuu wake aliyepona. Katekista alijaribu kumzuia.

"Bibi, jua ni kali. Panda pikipiki utukute kule."

"Mungu nilimwahidi miguu," bibi akasema. "Pikipiki sikuitaja."

Akatangulia mbele. Mpaka leo sijui yule bibi anakula nini.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kuimba. Siku ya pili tukaingia pori. Wale ambao hamjapita huko wakati wa kiangazi, fikirini nyasi zote zimechomwa, chini majivu, juu anga jeupe kama limepauka kwa kufuliwa, na migunga haina hata jani moja. Kivuli chenyewe kilikuwa kimekonda. Vumbi linaingia puani mpaka ukipiga chafya unatoa tofali.

Maji ya njiani yalikuwa kwenye dumu moja la lita ishirini, limetiwa kwenye kiroba chenye kamba za mgongoni, tukilibeba kwa zamu. Tusitegemee ya bondeni, katekista alituambia, kwa sababu bondeni hakuna. Alisema hivyo kabisa. Mimi masikio yangu yakatafsiri kwa Kimabawe: bonde ni bonde, maji yatakuwepo. Zamu yangu ilipofika limebaki nusu. Na hapo hapo katekista akatangaza kimya.

"Saa nzima hakuna kuongea. Kila mtu azungumze na nafsi yake."

Nikajaribu. Nafsi yangu na mimi hatukuwa na jipya, tunajuana. Nilichosikia ni kamba zikinikata mabega na maji yakinipiga mgongoni, chubwi, chubwi. Mbele kwa mbali nikaona ardhi inashuka, na mstari wa miti. Nikajiambia: lile ni bonde. Sasa mtu mwenye akili anabebaje maji kuyapeleka kwenye maji?

Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Katekista akaniangalia. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba naenda kuchimba dawa. Akakubali. Nikaingia nyuma ya kichuguu, nikafungua mfuniko, nikamwaga kidogo. Mchanga ukanywa bila hata kusema asante. Ah, mabega yakapumua! Baada ya muda nikaenda tena. Na tena. Mara ya nne nikamsikia dada mmoja anavunja kimya kitakatifu kwa kunong'ona, "Maskini, ana kibofu cha mtoto mchanga." Wakanihurumia, jamani. Nilikuwa natembea mwepesi kama mbuzi, na watu wananiombea kibofu.

Tukalifikia bonde, dumu likiwa tupu. Ndugu zangu, lilikuwa mto kweli. Mto wa mchanga. Mweupe, mpana, mkavu kuanzia ukingo huu hadi ukingo ule, na katikati mjusi mmoja anatushangaa.

"Tupumzike hapa," katekista akasema. "Kijana, leta maji."

Sikilizeni mwili wa mwongo unavyofanya kazi. Wakati wenzangu wanatafuta pa kukaa, mimi nilikuwa nyuma ya mti nimeshang'oa msumari kwenye katambuga yangu ya kulia, kile kiatu cha tairi, natoboa dumu kwa chini. Nikaja nalo nimelikumbatia kama maiti.

"Katekista, dumu limevuja!"

Akalipindua. Akaliona tundu. Mimi nilitegemea anigombeze, na majibu nilishayapanga. Lakini hakunigombeza. Alikaa chini.

"Hili dumu nililikagua mwenyewe," akasema. "Kosa ni langu."

Wenzangu wakamrukia. Mmoja akasema, "Katekista, unatuleta pori hili na dumu bovu?" Mwingine akasema bora tungekwenda na padre. Mdogo wetu wa kidato cha kwanza akaanza kulia bila machozi, maana hata ya machozi hayakuwepo. Katekista anasema tu, "Nisameheni, wanangu." Mtu mzima, mvi kichwani, anaomba msamaha kwa ajili ya tundu langu.

Na mimi nikafanya nini? Nikachekesha. Nikasema, "Msijali, Musa alipiga mwamba, sisi tumpige yule mjusi." Wawili watatu wakacheka. Naona mnacheka na nyie. Ndivyo inavyokuwa.

Bibi hakucheka. Alifungua kikapu chake akatoa chupa ndogo. Ndani maji ya vidole viwili, ya kwake, aliyokuwa anayabania tangu asubuhi. Kila mtu akaitazama ile chupa. Bibi akampita katekista, akampita yule mtoto anayelia, akaja kwangu.

"Kunywa wewe kwanza," akasema. "Aliyebeba ndiye aliyechoka."

Nikaishika. Nikaiinua mpaka mdomoni. Wazee wangu, mimi nimewahi kula viazi vya shamba la watu na vikashuka vizuri tu. Yale maji hayakushuka.

Nikamrudishia chupa. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Bibi, maji nimeyamwaga mimi. Sikuwa nachimba dawa. Tundu nimelitoboa sasa hivi, kwa msumari. Katekista hana kosa."

Mjusi akakimbia. Hata yeye aliona hapa pameharibika.

Wenzangu walisema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya altare. Bibi ndiye aliyewanyamazisha. "Nilijua," akasema. "Dumu livuje saa nzima, halafu mgongo wa shati uwe mkavu hivi? Nilikuwa nakungoja." Kisha akauliza swali ambalo linaniuma kuliko matusi yote: "Ulipochoka, kwa nini hukusema? Tupo kumi na watatu. Tungekupokea."

Nikainama kufunga katambuga ambayo mkanda wake hauna tena msumari.

Katekista akampa yule mtoto chupa anywe. Akasimama, akasema tufuate nyayo za ng'ombe zilizokuwa mchangani, kwa kuwa ng'ombe hawaendi mahali bure. Tukafuata. Mimi nyuma ya wote, katambuga ya kulia imeachia mkanda, naruka kwa mguu mmoja kwenye mchanga unaounguza. Hakuna aliyenihurumia. Sawa kabisa.

Kwenye kona ya mto tukakuta ng'ombe wengi, na binti wa Kisukuma wa umri wangu kasimama na fimbo pembeni ya shimo lililochimbwa mchangani. Chini kabisa ya shimo, maji. Katekista akasalimia, akaomba. Binti akamtazama bibi, akampa kibuyu chake pale pale. Kisha akatugeukia sisi.

"Nyie wengine mtangoja. Ng'ombe kwanza. Maji yanatoka polepole, na hawa hawajanywa tangu jana."

"Wako wangapi?" nikauliza.

"Thelathini na wawili. Umekuja kununua?"

Nikamwambia nitamtekea, ili wamalize upesi. Akanitazama mguu ulio na katambuga, akatazama usio nayo.

"Wewe? Umewahi kuteka maji ya ng'ombe?"

"Nimewahi kumwaga."

Nikashuka shimoni. Unachota ndoo, unaiinua juu ya kichwa, binti anaimimina kwenye hori la udongo, anakurudishia. Ng'ombe mmoja anavuta ndoo nzima kwa pumzi moja halafu anakutazama kama mwalimu anayesubiri kazi ya nyumbani. Nilipofika ng'ombe wa tisa ndoo haikupanda tena kupita kifua. Nikafikiria kunyamaza. Nikamkumbuka bibi. Nikapaza sauti kutoka shimoni, "Jamani, nimechoka!"

Kisha miguu miwili ikashuka karibu na kichwa changu. Alikuwa yule aliyekuwa amenitukana kuliko wote. "Sogea," akasema, akachukua ndoo. Tukapokezana hadi ng'ombe wa mwisho, ndipo sisi tukanywa.

Dumu lililozibwa kwa sabuni ya bibi, likajazwa tena, nililibeba mimi hadi kigangoni. Katekista akatangaza tena kimya, na safari hii nafsi yangu ilikuwa na mengi. Iliniambia: wewe ukikosea unachekesha, na watu wakishacheka wanasahau kukuuliza. Umefanya hivyo tangu darasa la pili.

Namshukuru katekista, aliyebeba kosa langu bila kuuliza uzito wake. Namshukuru binti yule, ambaye jina sikumtaja kwa sababu alikataa kuniambia. Nawashukuru wenzangu kumi, ambao wameacha kuniita Kibofu, isipokuwa siku za shule. Na bibi, wewe nakushukuru kwa maji ambayo sikuyanywa.

Somo langu ni fupi. Mzigo wa watu ukikushinda, usiumwage. Sema umekushinda. Kusema kunaaibisha kidogo na kwisha. Mimi nilikimbia aibu ya dakika moja nikaipata ya pori zima, na leo nimeileta mbele yenu na nyie muione.

Mwezi ujao mnapanga hija nyingine, na nimesikia mnatafuta wa kubeba maji. Naomba nibebe mimi. Msicheke, hapa sichekeshi. Nipeni zamu kama wengine.

Nikichoka, nitasema.