Bi. Susana Okari, Aliyekataa Kuazima Mhandisi

Sijawahi kumwambia mtu, hata mama, kwamba nikimaliza shule ningependa kazi ya kuandaa zabuni. Wenzangu wa Kidato cha Tatu hutaja urubani na udaktari, nami huinamisha kichwa na kusema bado ninafikiria. Aliyenitia tamaa hiyo ni Bi. Susana Okari, ambaye Ijumaa, tarehe 31 Oktoba, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kampuni ya Ziwa Kompyuta. Mkurugenzi, Bwana Walter, aliniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya programu ya sherehe kwa sababu, anasema, wafanyakazi wake huogopa Kiswahili kuliko wanavyoogopa wakaguzi wa hesabu. Mengi nimeyapata kwao, na kwa mama yangu, Dolphine, fundi wa mitandao katika ofisi ya Homa Bay.

Bi. Susana aliajiriwa mjini Migori kama mpiga chapa, wakati kampuni ilikuwa chumba kimoja cha kutengeneza taipureta. Kompyuta ya kwanza ilipofika, aliifunika kitambaa cha meza kila jioni kama kochi la wageni. Baadaye alipewa kazi ya zabuni. Zabuni, kwa asiyejua, ni kitabu kinene kinachomweleza mwenye kazi vile kampuni itakavyoifanya, kwa bei gani na kwa mikono ya nani, huku kampuni nyingine zikiandika vitabu vyao.

Mwanzoni aliumia. Zabuni yake ya pili ilitupwa nje kwa sababu ukurasa mmoja haukuwa na nambari. Tangu siku hiyo hupiga nambari kila karatasi inayopita mbele yake, zikiwemo programu za mazishi na nyimbo za kwaya ya kanisa lake. Boaz, mkuu wa mafundi, husema ukimwachia sahani ya chapati utazikuta zina nambari. Bi. Susana hajawahi kucheka mzaha huo, lakini pia hajawahi kumwambia Boaz aache.

Mwezi wa Machi mwaka huu serikali ilitangaza zabuni kubwa ya kuunganisha na kutunza kompyuta za hospitali na zahanati zetu. Bwana Walter aliwaita wote akawaeleza bila kuficha: wateja walikuwa wamepungua, na kampuni ikikosa kazi hii, ofisi ya Homa Bay ingefungwa Desemba. Watu tisa wangeenda nyumbani. Mama yangu alikuwa mmoja wao.

Shida ilianzia kwenye sehemu ya wataalamu. Mhandisi wa mitandao mwenye shahada angeipatia kampuni alama nyingi. Mama ana diploma. Wakijihesabia alama zao wenyewe, waliona kwamba wakimwandika mama wangepita kwa alama moja tu, au wasipite. Boaz alikuwa na dawa inayojulikana na kila mtu katika kazi hiyo: mhandisi fulani wa Kisumu, mwenye shahada mbili, angeazimisha vyeti vyake na kuweka sahihi. Zabuni ikishinda angeshukuriwa, na kazi ingefanywa na walewale wa siku zote.

Bi. Susana alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Mtambo ukizima kwenye zahanati ya Kosele saa mbili asubuhi, nimpigie huyo wa Kisumu?"

Boaz alisema bila shaka angepigiwa Dolphine.

"Basi aandikwe Dolphine."

Boaz hakunyamaza. Alimkumbusha kwamba watakaopoteza kazi ni wengine, si yeye anayestaafu. Neno hilo lilikuwa kali. Lakini aliyejibu alikuwa mama. Alisimama akaomba jina lake liondolewe. Alisema hawezi kula ugali wake akijua wenzake wanane wamekosa wao kwa sababu yeye hakwenda chuo kikuu.

"Keti, nyathina, mwanangu," Bi. Susana alimwambia. Ni Mkisii, lakini Kijaluo chake cha huruma hukitoa mara chache na mahali pake. "Tukifungiwa, tutafungiwa sisi. Siwezi kufungiwa kwa sababu ya vyeti vya mtu ambaye sijawahi kumwona."

Bwana Walter alikubaliana naye. Ilimchukua siku mbili kukubali, na siku hizo, mama anasema, hakuna aliyemuuliza mwenzake chochote zaidi ya kalamu.

Mwezi wa Juni kamati ya tathmini ilitokea ofisi ya Homa Bay bila kutoa taarifa. Watu watatu walitaka kuonana na kila mtaalamu aliyeandikwa. Mama hakuwepo, alikuwa Isebania, kwenye kliniki moja ya binafsi karibu na mpaka wa Tanzania. Bi. Susana, aliyekuwa amekuja kutoka Migori asubuhi hiyo, aliwaambia angeweza kumwita, lakini angefika amenawa na kubadilisha nguo, na wasingejifunza lolote. Aliwashauri wamfuate huko huko. Kisha akaiacha simu yake mezani, mbele yao, akaandamana nao, ili asije akashukiwa kwamba amemwonya njiani.

Walimkuta mama chini ya meza ya mapokezi. Kilichoonekana ni viatu tu. Mwenyekiti wa kamati alisogea, akasikia sauti kutoka chini.

"Wazee, ngojeni hapo. Msikanyage huo waya mweupe, wagonjwa wote wa leo wamo ndani yake."

Mwenyekiti alirudi nyuma hatua moja. Halafu akauliza swali kuhusu waya huo, na mama akamjibu kutoka kule kule chini. Akauliza jingine. Mama aliendelea kujibu huku akifanya kazi, akidhani ni mwenye kliniki na marafiki zake wanaopenda kujua mambo. Alipotoka na vumbi kichwani na kuambiwa ni akina nani, aliketi sakafuni. Bi. Susana alimpangusa nywele kwa leso yake mbele ya kamati nzima.

Matokeo yalitoka Agosti. Kwa upande wa shahada mama alipata sifuri, kama ilivyotarajiwa. Kwa jumla kampuni ilipita kwa alama moja, na bei yake ikawa ya chini kuliko nyingine zote, ikapewa kazi. Boaz alimpelekea Bi. Susana sahani ya chapati, kila moja ikiwa na kipande cha karatasi chenye nambari. Safari hii alicheka.

Sasa anakwenda kwenye shamba lake la njugu. Bi. Susana, wafanyakazi wa Migori na Homa Bay wanakushukuru kwa subira yako, na hata kwa ukali wako. Mungu akupe afya, mvua ya wakati wake, na asubuhi zisizo na haraka.

Mama alipopiga simu kunipa habari za ushindi, nilikuwa nyumbani Homa Bay kwa likizo. Vitabu vyangu vilikuwa tayari kwenye katoni, kwa kuwa zabuni ikikosekana tungehamia Nairobi mama akatafute kazi. Nilikata kamba, nikavirudisha rafuni kimoja kimoja, kisha nikaenda kuinjika maji ya ugali.