Kapteni Simbilisi na Mpishi wa Tipón

Basi lilikuwa ndio kwanza linatoka Cusco, huku Peru. Mwanamke aliyeketi mbele yangu akakiona kitabu mikononi mwa mwanamume aliyekaa kando yake. "Ala! Na wewe umenaswa?" Ni ile hadithi inayosomwa na kila mtu siku hizi, ya wanyama wanaovuka mlima wa barafu kulikomboa jua lililoibwa. "Shujaa ni mbweha," akatangaza.

"Mbweha yupi, dada? Yule mdomo mtupu? Shujaa ni kapteni simbilisi! Kajitosa mtoni na upanga mdogo kama sindano!"

"Kajitosa? Kateleza huyo!"

Mwanamume akapiga kiti, machozi yakamlengalenga. Sijawahi kuona mtu mzima akimtetea simbilisi, yule mnyama mdogo kama panya asiye na mkia, namna ile, maana sisi huku tumezoea kukutana nao kwenye sahani.

"Kwani kaka, unafanya kazi gani?"

"Naitwa Fortunato. Nina mkahawa Tipón."

"Unapika nini?"

Akageukia dirishani. "Simbilisi wa kuchoma."

Basi zima likaangua kicheko, dereva naye. Mwanamke alicheka hadi kofia ikamdondoka.

"Chekeni tu! Jana nilimshika mmoja, akanitazama kikapteni. Nikamrudisha bandani. Sasa nachoma kuku, na wateja wamenuna."

Mwanamke akaacha kucheka ghafla. "Umefika sura ya ngapi?"

"Ya nane."

"Maskini! Basi kuku wako wachome leo leo, kabla hujafungua ya tisa."

Basi likasimama Tipón. Fortunato akashuka kinyumenyume, kitabu kifuani. "Kwani kuku anafanya nini? Dada! Kuku anafanya nini?"