Manjanja Sita ya Juu ya Kanisa

Bandugu, bamama, nabasalimia bote kwa jina ya Yesu. Kaeni, kaeni, minye njo nitasimama. Pasteur aliniambia pale ku mulango, "Baba, leo useme kwa kifupi." Nikamuitikia ndiyo. Mais munanifahamu, kifupi sijawahi kuwa nayo.

Najua bamoja benu pale nyuma bananiitaka Baba Manjanja. Musizani sisikiye. Leo nitabaelezea hiyo jina ilitoka wapi, juu kuko bandugu benye bamekuya hapa mara ya kwanza, na kuko makanisa ingine ya hapa Likasi yenye iko inapasuka saa hii tunaongea. Majina ya bantu sitataja. Ya kwangu munaijua, na inatosha.

Hii kanisa tulijenga shiye benyewe. Kila nyumba ilileta kitu. Bamoja balipiga matofali, bengine balileta mbao, bamama balibeba mayi ku kichwa. Minye kazi yangu ni kufunika nyumba, mwaka yote niko juu ya paa za bantu na nyundo ku mukono. Nikatoa manjanja sita, ile mabati ya paa, ya mupya, hata kutu haikuiona. Nikaipiga misumari minye mwenyewe. Inueni macho kidogo, upande wa kushoto, juu ya banc ya pili ya bamama. Ni ile pale. Na chini yake njo bibi yangu, mama ya batoto yangu, anakaaka tangu siku tulifungua kanisa. Ile wakati nilikuwa diacre, shemasi wa hapa, na chorale nilikuwa naiongoza minye.

Sasa munajua vile tuko. Kuko benye babu zabo balizaliwa hapa. Kuko benye bazazi yabo balikuya kutafuta kazi, kuko benye balifika juzi kuchimba kule Kakanda, kuko benye kulima, benye kuuzisha ku soko. Tulikuwa tunapendana, sibadanganye. Kila moja na namna yake ya kucheka, basi.

Dimanche moja, nyuma ya ibada, tulibakia ku mukutano. Mama moja akasimama. Anauzishaka samaki ya kukauka ku soko. Ni mama wa heshima, makelele haipendi. Akasema, "Bandugu, naomba kitu kidogo. Mara moja moja tuimbe wimbo ya kwetu, mu luga ya kwetu. Minye naijua, nitaifundisha polepole."

Bantu bakaanza kuitika, "Muzuri, Mama, muzuri." Bandugu zangu, nabaambia ukweli, minye nilisikia hasira inanipanda mpaka ku masikio. Juu ya nini? Juu chorale ilikuwa yangu! Nyimbo nilikuwa nachagua minye! Na sasa mama wa samaki ananifundisha? Nikasimama. Nikasema, "Mama, hapa tunaimba Swahili. Hapa ni kwetu. Mwenye haipendi, njia ile pale." Na mukono nikanyoosha, nikaonyesha mulango.

Ule mama hakulia, hakugombana. Alikaza kitambaa yake ya kichwa, akaniangalia, akasema, "Baba diacre, hiyo neno nilishaka kuisikia. Ile siku nilikuwa na mutoto ku mugongo." Halafu akakaa.

Bakubwa kati yetu balielewa palepale. Kuko mambo yenye ilipita mu hii muji, miaka mingi iliyopita, na hatupendi kuitaja. Minye pia nilielewa. Nilikuwa kijana ile wakati, nilibaona na macho yangu bantu balifukuzwa juu ya asili yabo, bamelala ku gare na mizigo yabo, bakingojea treni ya kubapeleka kwenye habakujua. Nilielewa vizuri kabisa. Mais kiburi, mawee! Nilijifanya muntu mwenye hajasikia kitu.

Pasteur akaniita pembeni. "Dimanche inayokuya, uombe pardon mbele ya bote."

"Minye? Mbele ya bote? Minye mwenye nilifunika hii nyumba?"

"Weye," akasema.

"Kama ni vile, nitatoa yangu." Alizani ni hasira tu, itapita.

Haikupita. Siku ya pili ya juma, asubuhi, nilibeba ngazi na nyundo, nikapanda juu ya kanisa. Nikaanza kung'oa misumari moja moja. Bibi yangu akapata habari, akakuya anakimbia, mikono ingali na unga.

"Baba ya batoto, unafanya nini kule juu?"

"Natwaa yangu."

"Ile ulimupa Mungu. Alikurudishia saa ngapi?"

Nikamuambia, "Weye nyamaza, ushike ngazi." Hakushika. Aligeuka, akarudi ku nyumba kumaliza kusonga bukari yake. Wakati nashuka ngazi ikayumba, na manjanja ku bega, karibu nianguke na kuvunjika shingo. Chekeni, chekeni tu. Leo minye pia nacheka, mais ile siku nilimutukana mpaka nikachoka.

Manjanja niliiegemeza nyuma ya nyumba yangu. Na sikuishia pale. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema, "Njooni tuombe kwangu, mu lupangu yangu, pale mu kiwanja ya nyumba, kule hatutafundishwa na muntu." Nyumba tano ikanifuata. Tano, bandugu! Nilijisikia muntu mukubwa. Kumbe nilikuwa napasua mwili ya Kristo na mikono ileile yenye ilipiga misumari. Bamama benye balikuwa banatwikana mayi ku kisima sasa kila moja alienda kwa saa yake. Harusi ya nyumba moja, nusu ya kanisa haikuonekana. Bantu balipitana ku soko macho chini.

Bibi yangu, yeye, hakunifuata. Dimanche nikipanga viti mu lupangu, yeye anavaa nguo yake, anachukua Biblia, anapita mbele yangu, anaenda. Nikamuuliza, "Unaniacha peke na bageni?" Akasema, "Weye njo ulitoka. Minye niko pale nilikuwaka." Ku nyumba alinipikia, alinipatia mayi ya kunawa, mais mazungumzo ilikwisha. Nakula, yeye anaangalia pembeni. Miezi mingi vile.

Na kule kanisa balikuwa na tundu ku paa, jua inaingia mpaka chini. Bamoja balisema, "Tutafute manjanja ingine, tumusahau." Pasteur akakataa. Akasema, "Ile nafasi ni ya ndugu yetu. Itamungojea." Niliposikia, munajua nilisema nini? Nilisema, "Anataka kunipatisha haya." Moyo ya muntu, eh! Bananipenda, minye nazani bananipiga.

Basi, mvula ikaanza. Mvula ya kwetu munaijua. Dimanche moja ilimwagika tangu asubuhi, na mu lupangu yangu hakuna hata muntu moja alifika. Nikakaa peke na viti yangu. Ndipo nikawaza, "Na kule kanisa? Kwa hakika mvula imebafukuza." Na nilifurahi. Nasema mbele ya Mungu, nilifurahi. Nikatwaa kinga yangu, ile baisikeli ya kazi, nikaisukuma mu matope, mayi mpaka ku magoti, kusudi nione kama banarudi ku manyumba.

Nilipofika karibu, nikasikia kuimba. Nikaenda ku dirisha ya nyuma, ile ilikuwa haina kioo. Nikachungulia.

Kanisa yote ilisongamana upande wa kukauka, bamesimama bega kwa bega. Mais ku banc ya pili ya bamama, chini ya tundu yangu, kulikuwa bantu babili. Bibi yangu, amekaa nafasi yake ileile. Na pembeni yake ule mama wa samaki, ameshika parapluie, mwavuli ya mvula. Parapluie moja, ya kuvunjika upande moja. Na ile upande muzima alikuwa ameiweka juu ya bibi yangu. Yeye mwenyewe bega lake lilikuwa linalowana, kitambaa yake imeshikana na kichwa, mayi inamushuka ku uso. Na alikuwa anaimba. Swahili. Wimbo yenye minye nilifundisha.

Nilishikilia ukuta. Nililia, bandugu. Muntu mukubwa, na ndevu, kinga imeanguka mu matope, nalia nyuma ya kanisa. Nilisikia haya yenye sijawahi kusikia mu maisha yangu. Kuingia sikuweza. Nilirudi ku nyumba, nikawasha makala, nikachemusha mayi, nikangoja.

Bibi yangu akaingia, nguo imelowana chini. Nikamupa mayi ya moto. Akaniangalia.

"Ulikuya ku dirisha," akasema.

"Ulinionaje?"

"Nani mwingine anakohoaka vile?"

Nikamuuliza, "Juu ya nini unakaa pale? Kuko nafasi ya kukauka."

Akasema, "Ile njo nafasi ya nyumba yetu. Nikihama, tumehama shiye bote. Mvula ya kwanza nilikaa peke. Ya pili, ule mama akakuya kukaa na minye. Sikumuita." Halafu akalia, na minye nikalia tena. Ile siku njo tulizungumza.

Kesho yake nikaenda ku soko. Nikasimama mbele ya samaki yake, sijui nianzie wapi.

"Unataka ya kiasi gani?" akauliza.

"Sitaki samaki, Mama. Nimekuya kuomba pardon."

Akaweka samaki chini. "Baba diacre, uliniaibisha mbele ya bantu, na pardon unaiomba mbele ya samaki?" Bamama ya soko bakacheka mpaka mizani ikayumba. Alikuwa na haki. Nikamuambia, "Nitasema mbele ya bote. Mais naomba nijue kwanza, juu ya nini ulishika ile parapluie? Ni bibi yangu. Minye njo nilikufukuza."

"Bibi yako alikuwa analowana. Ulitaka nifanye nini?"

Akanivutia kiti kidogo. Akanielezea polepole, akipanga samaki yake. Ile wakati ya zamani, balipomuambia njia ile pale, alilala ku gare siku nyingi na mutoto wake wa kwanza. Mutoto akaugua. Kulala hakuweza, basi yeye mwenyewe akamuimbia wimbo moja ya kanisa, mu luga ya kwabo, usiku na muchana. Treni ilipokuya bakapanda. Mutoto balimuzika mu njia, pa kituo yenye hata jina hakuijua. Miaka ikapita, akarudi hapa, juu hapa njo alizaliwa yeye mwenyewe. Akasema, "Ile wimbo sijaiimba na bantu tangu ile treni. Nilitaka kuiimba na bandugu. Basi."

Bandugu zangu, ile njo wimbo nilikataza minye. Nilikaa pale ku soko. Nilisema tu, "Mama, pole. Mama, unisamehe." Akaniambia niende kutengeneza paa kwanza, juu mvula ilikuwa inakuya tena.

Siku ya posho, kesho yake ikiwa Dimanche, nilibeba manjanja yangu sita. Nilipita ku zile nyumba tano, nikabaambia, "Nilibapoteza. Minye narudi. Mwenye anataka kunifuata, tuende." Nyumba tatu ilikuya. Mbili ilikasirika na minye, mpaka leo banaomba kwingine, na kila juma naenda kubasalimia. Sitaki mufikiri yote ilirudi kama zamani. Haikurudi.

Tulifika, na benye balibakia balitoka kutusaidia. Kidogo kidogo muntu akashika mbao, mwingine akapitisha nyundo. Minye nikapanda. Na chini, bandugu, mwenye alishika ngazi ni bibi yangu. Alishika na mikono mbili, ngazi haikuyumba hata kidogo.

Dimanche nikasimama hapa, ile nafasi nimesimama leo, nikaomba pardon mbele ya bote. Sikusema "kama nilikosea." Nilisema, "Nilikosea, nilimuonyesha dada yangu mulango mu nyumba ya Baba yetu." Ule mama akatoka ku banc, akakuya kunishika mukono. Kazi ya diacre na ya chorale niliiacha mwenyewe. Ule kijana anaongoza leo anaongoza kunipita.

Lakini nisikilizeni hii, minye fundi. Manjanja ukishaing'oa, ukiirudisha, tundu ya misumari ya kwanza inabakia. Niliziba na goudron, ile lami nyeusi, nikarudia, nikarudia tena. Kuko moja bado inavuja. Nilitaka kutia manjanja mupya, Pasteur akasema nifanye vile moyo unaniambia. Niliiacha. Mvula ikinyesha, bibi yangu anasogea, na minye nakaa pale chini ya ile tundu. Mayi inaniangukia ku shingo, tone, tone. Inanisaidia kufunga kinywa kabla ya kusema "hapa ni kwetu".

Somo niko nayo ni hiyo tu. Mukigombana, na mutagombana, gombaneni ndani. Usitoke na manjanja yako. Neno yenye unasema kwa hasira, haujui inaangukia ku kidonda gani ya mwenzako. Na kama ni weye umeachwa na tundu juu ya kichwa, mungojee ndugu yako kidogo. Mbona minye nilingojewa.

Pasteur, asante, ulinichungia nafasi. Mama ya batoto, asante, haukuhama. Bandugu benye balisimama bega kwa bega ile mvula, asante.

Na weye, Mama, pale nyuma. Usijifiche na kitambaa, nakuona. Hapa ni kwenu. Ile wimbo nimejifunza, maneno naivunjavunja, utanisamehe tena. Anzisha, Mama. Shiye bote tutaitika.