Bingwa wa Kwao, wa Kumi na Tano Ugenini

Ukitoka stesheni ya Acocks Green, huku kwa Waingereza, kabla hujafika madukani, kuna benchi la mbao mbele ya duka la Balwinder, na Jumanne asubuhi benchi hilo lina wenyewe. Mselem, dereva teksi aliyekulia Mombasa, huja na chupa ya kahawa ya tangawizi, kwa hiyo wanamwita Spika: mwenye kahawa ndiye mwenye haki ya kumnyamazisha mtu. Damien wa Bukavu ni Ministre, yaani Waziri, maana hatoki nyumbani bila tai. Billow wa Eastleigh ni Gugo. Hakuna swali asilolijibu, na hakuna jibu lake lililo kweli. Wa nne ni Dekow wa Garissa. Yeye ni Leseni, tangu mwezi wa tatu alipowatangazia kwamba amefaulu mtihani wa pikipiki. Hakufaulu. Amefeli mara mbili, na leo saa nane mchana anakwenda mara ya tatu, kimyakimya, helmeti kaificha kwenye mfuko wa sokoni katikati ya miguu. Akifeli leo, kazi aliyoahidiwa ya kuwapelekea wagonjwa dawa majumbani kwa pikipiki inapewa mtu mwingine kesho.

— Mlimwona yule Mmarekani Jumapili? Mselem alianza, huku akimimina. Kwao kachukua ubingwa wa pikipiki mara mbili. Kaja Ulaya, kamaliza wa kumi na tano. Pointi moja!

— Jogoo la shamba haliwiki mjini, alisema Billow.

— Marekani ni shamba?

— Kwa mambo ya pikipiki ni shamba, Spika. Barabara zao zimenyooka tangu asubuhi mpaka jioni. Kona wanazisikia tu kwa watu.

— Non, non, Damien alisema, akishika tai. Miaka ya themanini Wamarekani ndio walikuwa bafalme huku. Shida ni batoto ba Espania. Mtoto ana miaka ine, anaacha kunyonya, anapanda pikipiki. Mmarekani anakuja mtu mukubwa, na ndevu, anaanza kufundishwa na batoto!

Kahawa ilimchoma Dekow ulimi. Mtahini wake wa mara ya mwisho alikuwa msichana wa umri wa mpwa wake. Alimfuata nyuma kwa pikipiki yake, sauti yake ikimwelekeza kwa redio sikioni: pinda kushoto, sasa kulia, simama hapo mbele, tafadhali.

— Haraka haraka haina baraka, Billow alisema.

— Gugo, zile ni mbio!

— Ndiyo maana hashindi.

— Ngojeni niwape siri, Mselem alisema, akainama kama mtu anayechuuza magendo. Mmarekani kichwa chake kinahesabu maili. Kona za Ulaya zimepimwa kwa kilomita. Yeye anapoamua kubana breki, kona imeshampita zamani, iko nyumbani inakunywa chai.

— Na hapa si tunatumia maili pia? Dekow aliuliza.

— Ndiyo maana na Waingereza wanalialia!

— Wacheni, ni tairi, Billow alisema. Tairi limezaliwa Ulaya, linamjua mtoto wa nyumbani. Mgeni akilikalia, linateleza makusudi. Trust me, bro.

— Tena kwao raundabauti hawana, Mselem alisema. Mtu hajui raundabauti, umpe ubingwa wa dunia? Hata Leseni wetu hapa angempita. Si ndiyo, Leseni? Wewe mwenye kadi ya Mfalme mfukoni!

Ni kwenye raundabauti Dekow alipofelia mara ya pili. Garissa alibeba watu kwa pikipiki miaka kumi na mmoja, akapitisha wajawazito kwenye mchanga unaomeza tairi mpaka katikati, na hakumwangusha hata mmoja. Kule walimwita Upepo. Hapa alishindwa na kiduara cha nyasi.

— Labda ningempita, alisema.

— Labda! Sikieni unyenyekevu wa bingwa!

— Lakini kwao yule anashinda mkono mmoja umeshika baga, Billow alisema. Mcheza kwao hutunzwa. Huku, mwaka kesho ni wa kumi na tano, mwaka kesho kutwa wa kumi na tano. Ataota mvi, bado ni wa kumi na tano.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Ndipo wakamwona Annonciata, dada mkubwa wa Damien, mwenye wiki tatu tu tangu afike kutoka Bukavu. Alikuwa amekuja kuchukua ufunguo wa nyumba, akasimama kusikiliza.

— Huyo muntu munayecheka, kwabo anashindaka?

— Anashinda sana, mama, Mselem alisema.

— Na huku anashindwaka?

— Kila Jumapili!

— Na bantu banamucheka?

— Kama hivi, mama!

— Sasa juu ya nini harudie kwabo?

Mselem alikishika kifuniko cha chupa. Mombasa alikuwa na karakana yake, na vijana watatu wakimwita fundi mkuu. Billow aliitazama simu yake. Damien, aliyekuwa mkuu wa shule na sasa anapiga deki hospitalini Harborne, aliinyoosha tai ambayo haikuwa imepinda. Basi namba kumi na moja lilikuja, likasimama, likaondoka.

— Kahawa imekwisha, alisema Mselem.

Haikuwa imekwisha. Dekow aliisikia ikicheza chupani Mselem alipoifunga kifuniko. Akaitoa helmeti mfukoni, akaiweka magotini.

— Unaenda wapi na hiyo, Leseni?

— Mtihani wa pikipiki. Saa nane. Mara ya tatu.

— Si ulishafaulu wewe?

— Hapana, Dekow alisema. Nilikuwa wa kumi na tano.

Billow alianza kucheka; Annonciata akamtazama, naye akaacha. Mselem alifungua tena ile chupa iliyokwisha, akajaza kikombe mpaka ukingoni, akakisukuma kwa Dekow.

— Kunywa kwanza, ndugu yangu. Saa nane bado.