Sikio, Aliyemjua Mgeni kwa Anavyotembea

Tunayemsindikiza leo aliitwa Sikio, nyumbani na kazini. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa nne wa karani wa posta na mshona nguo. Jina alipewa na mama yake, maana kila aliposikia tu jinsi vifuniko vya sufuria vinavyowekwa, aliwaambia ndugu zake, "Leo msimguse mama." Waliopuuza walikiona cha mtema kuni.

Alisoma shule za mtaani kwao, kisha akajifunza kazi ya kupokea simu. Januari 1989 aliajiriwa hospitali kuu, chumba cha simu. Mitambo ya simu ilipoondolewa, wenzake walichukua kiinua mgongo wakaenda zao. Yeye alirudi darasani kusomea mitandao ya kompyuta, mama wa watoto wawili, akikaa dawati moja na vijana waliomwita shangazi. Kuanzia 2006 akawa mlinzi wa mtandao wa hospitali ileile.

Juni 1994 alifunga ndoa na seremala aliyeitwa kurekebisha mlango wa chumba cha simu. Kazi ile ilichukua wiki tatu, na fundi mwenye sifa zake hajatoa maelezo hadi leo. Sikio alimwita Fundi siku ya kwanza, na hakumwita jina jingine tena. Kila mlango wa nyumba yao, na wa kila kabati, umetoka mikononi mwa Fundi.

Wafanyakazi walipoanza kuingia kwenye mtandao wakiwa majumbani, walinzi wengi waliangalia mlangoni tu: nywila sahihi, namba iliyotumwa kwenye simu sahihi, basi pita. Sikio alianza kuangalia pale wenzake walipoishia. Alijua mhasibu husoma barua pepe kabla ya kugusa mishahara, na daktari wa mifupa huenda moja kwa moja kwenye picha. Alimwambia Fundi mezani, "Funguo zinaibika. Mazoea hayaibiki."

Asubuhi moja ya mwaka 2019 mkurugenzi aliingia kutoka nyumbani kwake. Kila kitu kilikuwa sahihi, wala mitambo haikulalamika. Lakini alipokwisha kuingia, alianza kubisha hodi kwenye kompyuta moja baada ya nyingine: stoo ya dawa, maabara, mishahara, hadi kwenye nakala za akiba. Sikio akamkatia mtandao. Mkurugenzi alipiga simu akiwa amewaka, akamkumbusha kwamba sikio halizidi kichwa, na kwamba aliyeingia ni yeye mwenyewe.

"Sawa, mkuu," alijibu. "Maabara ulikuwa unatafuta nini?"

Mkurugenzi akasema taratibu, "Sijafika maabara."

Mwizi alikuwa amejibanza kwenye kompyuta ya nyumbani ya mkurugenzi, akaingia mgongoni mwake. Siku hiyo wagonjwa walipasuliwa kama ilivyopangwa, na hakuna aliyejua ni nini kilichompita karibu. Tulipomuuliza alijuaje, alisema mwenye nyumba hapapasi ukuta akitafuta swichi ya taa.

Mei mwaka jana Fundi alimkuta jikoni akifungua kabati moja baada ya jingine. Alikuwa akitafuta kikombe, katika jiko alilolipanga mwenyewe. Fundi alitaka kumtania. Sikio alifunga kabati la mwisho, akasema, "Fundi, humu ndani kuna mgeni. Na mgeni mwenyewe ni mimi."

Vipimo vya kwanza havikuonyesha kitu. Aliwaomba madaktari waangalie tena, na uvimbe ukaonekana kwenye ubongo, mdogo kama punje ya dengu. Madaktari wenyewe walistaajabu. Akastaafu, akapasuliwa, akapata nafuu, kisha ukarudi. Fundi aling'oa milango ya makabati yote, mkewe asipate cha kupapasa. Alibaki na hofu moja tu, siku ambayo yeye mwenyewe angekuwa mgeni machoni pa mkewe.

Siku hiyo ilifika. Mchana wa tarehe 14 Agosti mwaka huu Sikio alimtazama, akamuuliza kwa adabu yeye ni nani. Fundi alitoka hadi karakana yake, akalia, akanawa uso. Kisha akarudi kama anavyorudi siku zote: akakung'uta vumbi la mbao kizingitini, akanywa maji kwa kusimama, akasogeza kiti kwa mguu kabla ya kukaa.

Sikio alikuwa amefumba macho. Akasema, "Fundi, leo umechelewa."

Hakusema tena. Alifariki jioni ile, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu na dada wawili, mmoja wao ndiye msomaji wa wasifu huu. Nyumba aliyoingia sasa hajawahi kufika, lakini sisi tuliomjua tunaamini hapapasi. Sikio letu, pumzika kwa amani.